Nimezima UAC lakini programu bado inasema "Access is denied", halafu data za dagaa zikapotea: kisa cha Mwaloni

Fundi Mlango Mmoja (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, ila kama na wewe ni fundi wa mtaa, unapiga Windows za watu halafu kabla hata hujaweka Office ushazima ile UAC (User Account Control, kitu cha Windows kinachouliza kabla programu haijapewa haki za admin) ili mteja asisumbuliwe na vidirisha vya Yes na No, basi vuta kiti. Mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka wiki iliyopita.

Kuna mama mmoja ana ghala la dagaa kule Kirumba Mwaloni, Mwanza, mzigo wake unavuka mpaka Kongo, mteja wangu wa siku nyingi. Ofisini ana kompyuta ya mezani ya Windows 10 na programu ya stoo ya kizee kabisa, ya enzi za XP, ile ambayo data zote zimo kwenye faili moja ndani ya folda ya programu yenyewe, huko huko Program Files (x86). Hataki nyingine. Nishamshauri mara tatu nikaacha, maana yule mama anajua kila kitufe kilipo kama anavyojua gunia la dagaa wakavu na lile lililomwagiwa maji usiku ili lipande kilo.

Jamaa aliyemuuzia programu akamtumia fleshi yenye faili jipya la kurekebisha risiti. Unabofya kitufe ndani ya programu, yenyewe inanakili faili kwenye folda yake, kwisha. Kijana wa ofisini akabofya, ikaja "Access is denied". Akampigia jamaa, jamaa akasema zimeni UAC. Nikaitwa mimi.

Nikaenda Control Panel, nikashusha ule mshale mpaka chini kabisa kwenye "Never notify". Nikajaribu. Access is denied. Nikazima mashine nikawasha. Access is denied. Na hapo akaunti ni ya admin, wala si ya kawaida, nikaanza kutoka jasho mbele ya mama wa watu.

Basi nikafanya kile tunachofanya wote, raiti kliki kwenye ikoni, "Run as administrator". Ikafunguka moja kwa moja bila swali, kisasisho kikaingia safi, nikajisifu. Kisha mama akasema nionyeshe stoo ya jana.

Stoo ya jana hakuna. Ya mwezi jana hakuna. Kuna mizigo mitatu tu, yote ya tarehe moja, siku ile programu ilipowekwa kwenye hiyo mashine, 2021. Miaka yote iliyobaki nyeupe.

Mama hakupiga kelele wakuu, angepiga ingekuwa afadhali. Aliniangalia tu akasema "ng'wanawane, dagaa zangu ziko wapi?"

Ngoja ninywe chai naendelea.

Ng'wana Igoma

Siti ya mbele hapa, na kikombe cha kahawa.

Kivuko Busisi

Jamaa katuacha njiani kama enzi za foleni ya feri kabla ya daraja

Bwana Sangara

Virusi hivyo. Piga Windows upya.

Fundi Mlango Mmoja

Bwana Sangara ndo hicho nilichokuwa nafikiria, mkono ulishafika mfukoni kwenye fleshi ya Windows. Kilichoniokoa ni kijana wa ofisini, alifunga programu akaifungua kwa kubofya mara mbili kama anavyofungua siku zote. Data zote zikarudi! Mpaka kilo za asubuhi ile. Nikaifunga, nikafungua kwa Run as administrator, mizigo mitatu. Nikafunga, nikafungua kawaida, kila kitu kipo. Programu moja, ikoni moja, mashine moja, na stoo mbili.

Nilirudi nyumbani Mabatini nikakaa usiku kucha nasoma, na hiki ndicho nilichokielewa, wajuzi mtanirekebisha.

Tangu Vista ya 2007, ukiingia na akaunti ya admin Windows haikupi uadmin wote mkononi. Inakutengenezea tokeni mbili, yaani vitambulisho viwili, kimoja cha mtu wa kawaida na kingine cha admin kamili. Ile dawati yako na kila unachokibofya vinatembea na kile cha kawaida, cha admin kimewekwa kabatini. Kile kidirisha cha Yes/No ndo mlango wa kabati. Sasa mimi siku zote nilidhani ukishusha mshale chini unakuwa umekabidhiwa kitambulisho cha admin uvae mchana kutwa, kumbe kwenye Windows 8 kuja huku hapana, ulichofanya ni kuuondoa mlango tu. Kitambulisho bado kimo kabatini. Programu isiyokiomba haipewi, inaendelea na haki zake ndogo na inagonga ukuta vile vile. Programu inayokiomba inajichukulia yenyewe na hakuna wa kukuuliza.

Kwa hiyo mimi nilipozima, programu ya mama haikupata kitu chochote. Walioongezewa ni wengine wote.

Mnaweza kujaribu wenyewe. Fungua cmd (kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri) kawaida, andika

whoami /groups

halafu shuka chini kabisa utaona "Medium Mandatory Level", yaani kile kitambulisho cha kawaida, hata kama mshale uko chini na wewe ni admin. Funga, fungua tena cmd kwa Run as administrator, rudia, sasa inasoma "High Mandatory Level", kile cha admin.

Ng'wana Igoma

Nimejaribu ni kweli daah. Miaka yote hii. Sasa stoo mbili zilitoka wapi?

Fundi Mlango Mmoja

Hapo ndo penyewe. Programu za zamani zilizoea kuandika popote, XP ilikuwa shamba la bibi kila mtu admin. Microsoft wakaona wakizikatalia zote zitakufa, wakaweka ujanja. Programu ya biti 32 isiyojitambulisha kwamba inaijua UAC, ikitaka kuandika ndani ya Program Files na haina haki, Windows haiikatalii, inaidanganya. Inaiambia sawa nimeandika, kumbe faili limepelekwa huku:

C:\Users\jina la akaunti\AppData\Local\VirtualStore\Program Files (x86)\

Na ikitaka kusoma inapewa lile la VirtualStore. Programu yenyewe haijui kama imehamishwa nyumba. Ila ukiifungua kwa Run as administrator haidanganywi tena, haki inazo, inakwenda kusoma faili la kweli kwenye folda ya kweli, na lile faili halijaguswa tangu 2021.

Mizigo mitatu ilitoka wapi? Siku ile ya kuiweka, mwisho wa usakinishaji kuna kile kiboksi cha kuifungua programu hapo hapo. Iliyofunguliwa na kisakinishi ilirithi uadmin wa kisakinishi, mama akajaribu kuingiza mizigo mitatu, ikaandikwa kwenye faili la kweli. Kesho yake ikafunguliwa kawaida, kuanzia hapo kila kitu VirtualStore.

Na kile kisasisho kwa nini kiligoma? Kwa sababu udanganyifu huu haufanyiki kwa mafaili ya .exe, yaani ya programu zenyewe kama lile la kwenye fleshi, hayo yanakataliwa kweli.

Mzee wa Sava

Uzi mzuri, ila fundi niongeze mambo mawili maana kuna watu watachanganya.

Kwanza, "kuzima UAC" kuna kwa aina mbili. Kwenye Windows 7 mshale ukiushusha chini kabisa UAC inazimwa kweli ukishawasha upya mashine. Kuanzia Windows 8 mshale haizimi, kama ulivyosema. Ukitaka kuizima yenyewe unaingia rejistri, pale Windows inapotunza mipangilio yake, HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System, pale kuna EnableLUA, ukiweka 0 na kuwasha upya ndipo programu za kawaida unazobofya zinatembea na uadmin wote, hata kivinjari, High. Mshale wenyewe unagusa kitu kingine, ConsentPromptBehaviorAdmin, ambayo kwa kawaida ni 5 na ukishusha chini inakuwa 0.

Pili, na hili ndilo la kuogopesha kwa kisa chako. Ungeweka EnableLUA 0 ule udanganyifu wa VirtualStore ungekufa kabisa. Data za yule mama zisingerudi hata kwa kubofya kawaida. Ungeapa zimefutika, ungepiga Windows upya, na AppData ingeondoka nayo.

Fundi Mlango Mmoja

Mzee shikamoo. Hilo la pili limenitoa kijasho upya.

Mzee wa Sava

Marahaba. Na VirtualStore ni ya kila akaunti peke yake. Kama pale ghalani kuna kijana wa zamu ya usiku mwenye akaunti yake, basi naye ana stoo yake ya tatu huko. Kaangalie.

Bwana Sangara

Sikilizeni, mnakuza mambo. Mimi XP nimetumia miaka kumi admin mwanzo mwisho na sikufa. Windows 7 nilizima, 10 nimezima, 11 nimezima. Kile kidirisha hakizuii chochote, kila mtu anabofya Yes bila kusoma. Hata hao Microsoft wenyewe wanasema UAC si ukuta wa ulinzi.

Mama Stationeri

Bwana Sangara mimi nilikuwa na maneno kama yako mpaka mwaka juzi. Nina stationeri karibu na chuo huku Nyegezi, mashine nne, wanachuo wanaingiza fleshi zao kutwa nzima, kazi za utafiti, CV, barua. Kijana aliyekuwa ananisaidia alishusha ule mshale mashine zote kwa sababu foleni ikiwa ndefu kidirisha kinachelewesha. Siku moja akashusha kraki (ile ya kuvunja leseni) ya programu ya kuhariri PDF, akaibofya, haikufunguka kitu, akaendelea kuprinti. Baada ya kama nusu saa mafaili yakaanza kubadilika majina, mwishoni yameongezewa herufi za ajabu, na kwenye kila folda kuna kikaratasi cha kudai dola.

Sasa fundi aliyekuja kuangalia akasema tujaribu nakala za nyuma, zile ambazo Windows inajitunzia. Hakuna hata moja. Akanieleza hawa wadudu wakiingia tu wanaamuru vssadmin, kifaa cha Windows cha kusimamia nakala hizo, ifute zote kimya kimya, na amri hiyo inataka admin. Mashine yenye mshale juu ingeuliza. Yangu haikuuliza, kijana wangu ni admin, wakapewa.

Kwa hiyo ni kweli mafaili yangu yangefungwa tu hata kwa haki za kawaida, hilo sibishi, ila yale ya kurudisha ndo nilinyang'anywa bila hata kuulizwa. Kulikuwa na tasnifu ya binti mmoja kurasa 90, alikaa pale kwenye benchi mpaka saa mbili usiku.

Bwana Sangara

Pole dada. Ila kraki ndo tatizo hapo, sio mshale.

Mama Stationeri

Vyote. Asante.

Mzee wa Sava

Bwana Sangara yuko sahihi nusu, tumpe haki yake. UAC si ukuta, ikiwa wewe ni admin kuna njia zinazojulikana za kuipita kimya kimya hasa mshale ukiwa kwenye ngazi ya kawaida iliyokuja na Windows 7, ya pili kutoka juu, kwa sababu pale baadhi ya programu za Windows zenyewe zinapandishwa bila swali na wadudu wanazidandia. Ukitaka ulinzi wa maana tumia akaunti ya kawaida, sio admin, na ya admin iwe na paswedi yake pembeni. Dada Stationeri hasa wewe mwenye mashine za watu.

Nyakato Kijana

Wakuu samahani naingilia. Mimi ofisini nina akaunti ya kawaida, sio admin, na mtu wa IT alizima UAC kwa hiyo EnableLUA. Nikifanya Run as administrator hakuna kinachotokea, hainiulizi paswedi, programu inafunguka tu halafu inasema sina haki. Paswedi ya admin ninayo, nimepewa. Naiingizia wapi?

Mzee wa Sava

Kijana ndiyo hasara nyingine hiyo. Kile kidirisha kwa mtu wa akaunti ya kawaida ndicho kinachoomba paswedi ya admin, mkikizima hamna pa kuiandikia. Shikilia Shift, raiti kliki kwenye programu, utaona "Run as different user", andika akaunti ya admin na paswedi. Kama unapenda cmd, runas /user: ikifuatiwa na jina la akaunti na njia ya programu. Halafu mwambie mtu wa IT airudishe.

Nyakato Kijana

Imekubali! Wabeja sana mzee

Ng'wana Igoma

Na mimi nina langu. Programu yetu ya mahesabu inasoma drive Z iliyoko kwenye mashine ya bosi. Nikiifungua kawaida Z ipo, nikiifungua kama admin Z haipo, inasema njia haionekani. Ndo yale yale ya stoo mbili?

Mzee wa Sava

Ni binamu yake. Vile vitambulisho viwili ni kama watu wawili walioingia kwenye mashine kila mmoja kivyake, Z ameiunganisha yule wa kawaida, yule admin haijui. Policies\System ile ile, tengeneza DWORD (thamani ya namba) inaitwa EnableLinkedConnections, weka 1, washa upya. Au tumia njia kamili ya mtandao, \\jina la mashine\folda, usitegemee herufi. Na utaona pia huwezi kuburuta faili kutoka kwenye folda ukaliachia ndani ya programu iliyofunguliwa kama admin, mkono unagoma. Sababu hiyo hiyo, wa chini haruhusiwi kumsukumia kitu wa juu.

Kivuko Busisi

Mi kuna programu moja tu ya kusoma mashine ya gari (gereji Buzuruga) inataka admin kila siku na kidirisha kinanikera kweli mikono ina oili. Siwezi kuiruhusu hiyo moja tu zingine zibaki zinaulizwa?

Mzee wa Sava

Unaweza. Fungua Task Scheduler, programu ya Windows ya kupangia kazi, tengeneza kazi mpya, weka tiki "Run with highest privileges", kwenye Actions ielekeze kwenye hiyo programu. Ipe jina rahisi lisilo na nafasi, tuseme gari. Halafu kwenye dawati tengeneza shotikati yenye maneno schtasks /run /tn gari. Ukibofya inafunguka kama admin bila swali, hiyo peke yake. Ila hiyo programu ikae Program Files, usiiweke kwenye folda ambayo kila mtu anaweza kuandika, maana mdudu atabadilisha .exe yako na wewe ndiye utakayempandisha kila asubuhi.

Kivuko Busisi

Poa sana mzee, kesho naijaribu nikishanawa

Fundi Mlango Mmoja

Mrejesho wakuu, leo nimeshinda Mwaloni.

Kitu cha kwanza, kabla ya kugusa chochote nimenakili folda yote ya VirtualStore kwenye fleshi mbili, moja kaweka mama kwenye pochi yake. Mzee wa Sava ulisema kweli, kijana wa zamu ya usiku ana akaunti yake na kuna stoo ya tatu, mizigo 41 ambayo mama alikuwa anagombana naye kila mwisho wa mwezi kwamba haiingizi. Kumbe alikuwa anaiingiza. Mama hakusema samahani ila alimwagizia chipsi.

Kurekebisha ilikuwa hivi, ndani ya folda ya programu kuna faili la .ini, yaani la mipangilio, lenye mstari mmoja unaosema data ziko wapi. Nikatengeneza folda mpya C:\StooData nje ya Program Files, nikahamishia data humo, nikafungua Notepad kama admin nikabadilisha ule mstari. Programu haikusikia. Nikabadilisha tena, haikusikia. Robo saa nzima nabishana na Notepad mpaka nikakumbuka, nikaenda VirtualStore, kuna .ini nyingine! Ya zamani, na ndiyo inayosomwa. Nikaibadilisha jina na ile ya akaunti ya kijana pia, programu ikasoma C:\StooData palepale, na sasa ukifungua kawaida au kama admin, kwa akaunti ya mama au ya kijana, stoo ni moja. Programu yenyewe imebaki Program Files pale pale.

Mshale nimeurudisha juu, sio ya pili, juu kabisa. Mama akauliza hiki kidirisha kitakuwa kinakuja kila saa? Nikamwambia kwa programu yako hakitakuja kabisa maana haiombi uadmin, kikija ujue kuna kitu kingine kinaomba, nipigie kabla ya kubofya.

Ile mizigo 41 tunaiingiza kwa mkono kesho, nasoma mimi anaandika kijana. Nimelipwa na ndoo ya dagaa juu, kavu kweli, nimezikagua kwa mkono.

Mama Stationeri

Fundi nipe namba PM, zangu nne bado zina mshale chini.